Mwendo wa Mayai

Aghalabu mbio za magari zinapotajwa nchini Kenya, fikira za wengi huruka moja kwa moja hadi Naivasha kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoasisiwa mwaka 1953 na ambayo mwaka 2021 yalirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana humo tangu 2002. Huko ndiko kwenye helikopta, kamera, na magari ambayo bei yake haitamkiki mbele ya mtu aishiye kwa mshahara wa mwezi. Lakini mchezo huu una mdogo wake asiyevumishwa. Otokrosi hufanyika ndani ya uwanja uliofungwa, juu ya udongo, kwenye njia fupi iliyopindwapindwa makusudi na kuwekewa alama. Dereva hapambani na jirani yake bega kwa bega. Mpinzani wake ni saa. Akigonga alama, sekunde huongezwa kwenye hesabu yake. Amalizaye kwa muda mfupi kuliko wenzake wenye magari ya kundi lake ndiye mshindi. Watu wa kipato cha kadiri hupitia mlango huo, ijapokuwa kizingiti chake ni kirefu kuliko kinavyoonekana kwa mbali.

Kijana mmoja, mwalimu wa Hisabati katika shule ya upili viungani mwa mji wa Nakuru, alijikwaa kwenye kizingiti hicho mwaka 2023. Baba yake alikuwa dereva wa teksi. Alipofariki mwaka 2019 kwa maradhi, aliacha mjane, mwana, binti, na Toyota Starlet nyeupe yenye injini ya lita 1.3. Gari hilo lilifunikwa turubai kando ya ghala la mahindi nyumbani kwao Bahati, na kwa zaidi ya miaka mitatu halikuguswa ila na kuku waliolala chini yake kujikinga jua.

Kuku hao walikuwa wa mamake. Enzi za uhai wa marehemu, kila Jumanne na Ijumaa kabla ya kuanza kusaka abiria, teksi ilibeba trei za mayai kutoka Bahati hadi sokoni Nakuru. Baada ya msiba mama alihamia kwenye pikipiki na matatu, na haikupita wiki bila ya yeye kurudi na trei moja iliyogeuka uji. Kwa hiyo mwanawe alipomwendea mwezi wa Januari na kumwomba ruhusa ya kuliamsha gari ili alishindanishe, mama hakushangilia wala hakukataa. Aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda mrefu.

"Gari hili lilikulisha, baba," hatimaye alinena. "Likiamka, litabeba mayai kwanza. Na pasiwe na kitu cha kukatwa wala kuchomelewa ambacho hakiwezi kurudishwa."

Kijana alikubali masharti yote mawili upesi, kama wanavyokubali watu ambao akili zao zimekwisha kutangulia safari.

Alikuwa na akiba ya shilingi 160,000 katika chama cha ushirika, jasho la miaka minne. Baada ya kulifufua gari kwa betri aliyopewa na rafiki na mafuta mapya ya injini, alitoboa akiba hiyo kwa kununua rimu nne za kung'aa na bomba pana la moshi lenye mngurumo wa kuamsha mtaa. Vitu hivyo vilimgharimu shilingi 46,000. Mtu angedhani kwamba mwalimu wa Hisabati angejua kupiga hesabu, lakini mapenzi ya magari yana hesabu zake. Mwezi wa Februari alihudhuria siku ya mazoezi ya wanagenzi katika malisho makavu upande wa Njoro, akiwa na helmeti ya kuazima. Gari lilinguruma, vumbi lile jepesi la Bonde la Ufa likatimka hadi mawinguni, na watazamaji wakapiga makofi. Saa haikupiga makofi. Starlet nyingine iliyochakaa, yenye injini kama yake na rimu za chuma zenye kutu, ilimwacha kwa sekunde 19 katika mzunguko mmoja usiotimia dakika tatu.

Starlet hiyo ilikuwa imetayarishwa na fundi mmoja mzee wa jua kali pale Nakuru, ambaye katika ujana wake wa miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa mafundi waliosubiri magari ya Safari kando ya barabara wakiwa na jeki na spana mkononi. Kijana alimfuata gerejini Jumatatu jioni. Mzee alilizunguka gari mara moja, akainama, akagonga rimu kwa ukucha.

"Mwalimu, umemvisha bibi harusi viatu kabla hajajifunza kutembea," alisema. "Breki zako ulizitazama lini?"

Kijana hakuwa na jibu. Mafuta ya breki yalipomwagwa yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala.

Mpango wa matumizi aliopangiwa na fundi ulianza kwa kuziuza zile rimu. Zilileta shilingi 22,000, hasara ambayo Mzee aliita karo. Kisha wakakaa juu ya magurudumu mabovu na kuandika. Pesa ya kwanza iende kwenye kichwa. Helmeti inunuliwe mpya, kwa maana ya mtumba inaweza kuwa ilikwisha kupigwa mahali ikapasuka ndani, ilhali kwa nje inang'aa. Hiyo ikala shilingi 15,000. Mikanda ya kupita mabega yote mawili, 12,000. Kizimamoto kilichofungwa mahali ambapo mkono hufika mikanda ikiwa imekazwa, 3,500. Padi za breki, mipira yake na mafuta mapya, 9,000. Magurudumu manne ya mtumba yenye meno marefu ya kung'ata udongo, yote ya ukubwa mmoja na aina moja, 16,000. Bamba la chuma la kukinga tumbo la injini lilifuliwa papo hapo jua kali kwa 4,500. Kilichobaki kikubwa ni ngome ya mabomba ya kumkinga dereva gari likipinduka, ambayo bila yake wakaguzi wasingemruhusu kushindana. Hapa ndipo sharti la pili la mama lilipouma. Ngome ya kuchomelewa hukaza bodi yote, na wengi huipendelea. Mzee alikuna kidevu, akapiga simu mbili tatu, akapata kwa dereva aliyestaafu ngome ya kufungwa kwa nati, iliyotoka kwenye Starlet kama hiyo. Bei: shilingi 40,000.

Jumla ilikuwa 100,000 kamili. Katika akiba zikasalia 36,000. Injini haikuguswa hata kidogo, na kijana alipouliza kama haingefaa walau kuibadilisha kabureta kwa ile ya gari kubwa zaidi, Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akamwonyesha kwamba injini ile haikuwa na kabureta tangu izaliwe. Alipenda pia kumkumbusha kuwa Joginder Singh aliposhinda Safari mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, walishindia Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Na kwamba mwaka 1993 Patrick Njiru aliufikisha mwisho wa Safari mkebe mdogo uitwao Subaru Vivio, wenye injini isiyotimiza hata sentimita za ujazo 700. "Gari dogo humfundisha mtu," alisema. "Gari kubwa humfichia makosa mpaka siku ya kumuua."

Mafunzo yenyewe yalianza gari likiwa limezimwa. Mzee alimkalisha dereva, akamtaka aegemeze mabega kitini na kunyoosha mikono juu ya usukani. Viganja vikipita na vifundo kugusa ukingo wa juu, basi kiti kiko mahali pake. Mabega yakinyanyuka, kisogezwe mbele. Mikono ikae mkabala, kama saa inayoonyesha tisa na tatu. Baadaye, katika malisho yaleyale ya Njoro, alimshusha garini na kumtembeza njia yote kwa miguu, mara tatu. Mara ya kwanza watazame njia inaelekea wapi. Ya pili watazame ardhi: kokoto iliyolegea iko wapi, mtaro uko wapi, pale ambapo magari ya mwanzo yatafagia vumbi na kuacha ardhi ngumu ni wapi. Mara ya tatu walitembea kinyumenyume sehemu za kona, ili kijana aone kila kona inatokea wapi, kwa sababu kasi ya gari kwenye sehemu iliyonyooka huamuliwa na namna lilivyotoka kwenye kona iliyotangulia.

Hapa yafaa kutua kidogo, maadamu jarida hili husomwa na watu wa lugha. Fundi huyo hakuwahi kusoma kitabu cha istilahi, ilhali kila jambo la gari alikuwa na jina lake. Magurudumu ya mbele yakiteleza na gari likakataa kupinda, alisema gari "linalima". Ya nyuma yakiteleza, "mkia umetoka". Kuteremsha gia ni "kupangua". Dereva anayezungusha usukani kwa papara huku gari halimsikii "anasonga ugali". Msamiati huu hupatikana katika kila gereji kuanzia Nakuru hadi Changamwe, na mikutano ya kusanifu istilahi ingenufaika kwa kukaa nusu siku juu ya magurudumu mabovu.

Kosa la kijana lilikuwa hilohilo la kusonga ugali. Magurudumu ya mbele ya Starlet yana kazi tatu: huvuta gari, hulipinda, na hubeba sehemu kubwa ya breki. Yakitwikwa zote kwa pamoja, hugoma. Yeye aliingia konani kwa kasi, akakanyaga breki huku akipinda, gari likalima. Kwa hofu akazidisha kupinda, nalo likazidi kulima. Dawa yake ni rahisi kuitaja. Breki ikamilike gari lingali limenyooka. Breki hurusha uzito mbele na kuyapa magurudumu ya mbele meno. Mguu uiachie polepole wakati usukani unapoanza kupinda, ili uzito usirudi nyuma ghafla. Macho yatangulie kwenye mwisho wa kona, yasitazame alama inayohofiwa, maana mikono hufuata macho. Mafuta yasubiri mpaka usukani uanze kunyooka. Gari likilima hata hivyo, dereva aregeze mafuta kidogo na kurudisha usukani kidogo, jambo ambalo nafsi yote hulikataa, hadi magurudumu yashike tena. Breki ya mkono, ile ambayo vijana hupenda kuivuta ili watazamaji washangilie, Mzee aliipiga marufuku kwa mwaka mzima.

Kijana aliyaelewa yote hayo, akayaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni, na mwezi wa Juni, katika mashindano yake ya kwanza, akayasahau bendera iliposhuka. Alimaliza wa tisa kati ya 11 wa kundi lake, sekunde 22 nyuma ya mshindi.

Baadaye ikaja Septemba. Dada yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi, na karo ya muhula wa kwanza ilikuwa shilingi 28,000. Katika akiba zilikuwa zimebaki pungufu kidogo ya 31,000, kwa kuwa Juni ilikula ada ya kuingia na petroli. Mama hakuomba. Dada naye, aliyejua fika kilichokuwamo, alimwambia, "Kaka, naweza kungoja Januari." Kijana alikaa usiku mmoja na daftari lake, kurasa za sekunde upande huu na za shilingi upande ule. Asubuhi alilipa karo yote kwa simu kabla hajanywa chai, pengine kwa kuogopa kwamba chai ingemshauri vinginevyo. Mashindano mawili yakapita bila yeye. Kuna jioni alizokaa ndani ya gari uani, mikanda imekazwa, injini imezimwa.

Kwa kuwa petroli ya mazoezi haikuwapo tena, mwendo pekee uliosalia ulikuwa ule wa mayai. Sharti la kwanza la mama alikuwa amelitimiza tangu gari liamke, ila kwa kunung'unika: kila mwisho wa mashindano au mazoezi ilimbidi arudishe kiti cha abiria kwa nati nne, apange trei katikati ya mabomba ya ngome, na saa 11 alfajiri ashuke na mama hadi Nakuru. Trei 12, mayai 360. Trei moja mama aliipakata.

Ijumaa moja, kwenye kona ya udongo kabla ya kufika lami, mama alisema bila ya kugeuza kichwa, "Unavunja mayai, baba."

"Sijagonga chochote, Mama."

"Hukugonga. Umekanyaga breki ukiwa tayari umepinda. Marehemu alikuwa akimaliza breki pale kwenye mkaratusi. Halafu anaachia mguu taratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto."

Walipofika sokoni na kufungua kamba, mayai sita yalikuwa yamepasuka, yote upande wa kushoto wa trei za juu. Kijana aliyatazama kwa muda. Yalikuwa ni yale yale aliyoambiwa na Mzee juu ya uzito kuhama, tena yameandikwa kwa ute. Mama alikuwa amekaa kiti kile cha kushoto kwa miaka 14, trei mapajani, na mwili wake ulijua kila kilichofanywa na miguu ya mtu wa kulia kwake.

Tangu siku hiyo daftari likapata safu ya tatu. Jumanne: manne. Ijumaa: matatu. Jumanne: mawili, ingawa moja mama alidai kuku mwenyewe alilitaga na ufa. Mwendo haukuzidi ule unaoruhusiwa barabarani, na hapakuwa na haja ya kuuzidi. Mguu unaotua kwa upole kwenye kilomita 40 kwa saa ndio huohuo utakaotua kwa upole kwenye 80. Alijifunza kuachia breki. Hilo ndilo alilokuwa hajui: wote humfundisha mwanagenzi kukanyaga, wachache humfundisha kuachia. Mwishoni mwa Oktoba zilipita safari tatu mfululizo bila ufa hata mmoja, na mama akaanza kusinzia njiani.

Faida ya mayai ambayo awali ilipotelea njiani ndiyo iliyolipa ada ya Novemba. Mama aliitoa kwenye kitambaa alichofungia pesa, akaihesabu mara mbili, akaongeza kwamba naye angekuja, kwa sababu penye watu wengi na vumbi mayai ya kuchemsha hununuliwa.

Vumbi halikuwapo. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku kucha na uwanja ulikuwa tope jeusi. Wakaguzi walivuta mikanda, wakatikisa betri kuona kama imefungwa, wakagonga ngome, wakapitisha. Mama alisimama kwenye kamba ya watazamaji na beseni lake la mayai na kachumbari. Katika mzunguko wa kwanza alijifunika uso kwa leso tangu bendera iliposhuka hadi gari liliposimama. Magari yenye nguvu zaidi yalikuwa yakizungusha magurudumu na kujichimbia makaburi. Starlet ilipita kwa sauti ya chini, kama inayokwenda sokoni. Saa ilimweka wa tano.

Mzunguko wa pili alitazama. Kijana alipolirudisha gari kwenye foleni, alimkuta mama amepenya hadi kwenye uzio, leso imelowa tope.

"Ile kona ya mtaroni umekanyaga mafuta mapema," alisema. "Nimesikia. Trei ya juu ingeanguka."

Mzee fundi, aliyekuwa amechuchumaa akipima presha ya magurudumu, aliinua uso, akamtazama mama, akarudi kwenye kipimo chake bila neno.

Katika mzunguko wa tatu na wa mwisho kijana aliingia kona ya mtaroni, akaachia breki kama atokaye chumba alicholala mtoto, kisha akangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko muhula. Pua ya gari ilipotazama njia iliyonyooka ndipo alipokanyaga. Alikata sekunde moja na nusu kwenye muda wake wa awali, akamaliza wa nne kati ya 11, sekunde nne nyuma ya mshindi. Wa nne hapewi kikombe.

Beseni la mama lilikuwa limekwisha kabla ya zawadi kutolewa. Giza lilipoanza kuingia kijana alikitoa kiti cha abiria kwenye pikapu ya fundi, akapiga magoti topeni, akatafuta tundu za nati kwa kidole. Mbili zilishika mara moja. Ya tatu ilikuwa na tope kwenye meno, ikambidi aipanguse kwa shati. Mama alisimama kando akiwa ameshika trei tupu, akimmulikia kwa simu.

"Kaza na hiyo ya nyuma," alisema. "Kesho kutwa ni Jumanne."